Loda si ileile ukishaibadilishia kifaa cha mbele

Ndugu Mhariri,

Mvua zikikatika hapa Dodoma, kazi za barabara, misingi na mitaro huanza kwa mpigo, na loda hutafutwa kila kona. Loda moja asubuhi inapakia kifusi kwenye tipa, mchana inafungwa uma ishushe makalavati ya zege, jioni inafungwa nyundo ivunje mwamba. Hatuna ugomvi na hilo, kwani mashine hizi zilikusudiwa kufanya kazi nyingi. Tunachoomba nafasi kukisema ni hiki: kila kifaa cha mbele kinapobadilishwa, loda nayo inakuwa mashine nyingine. Uzito inaoweza kubeba unabadilika, oili inayohitajika inabadilika, hata mahali anapopaswa kusimama msaidizi panabadilika. Opareta anayeambiwa "funga hiyo tuondoke", bila kupewa namba za kifaa na bila kuachiwa dakika ishirini za kukikagua, ametumwa kuendesha mashine asiyoijua.

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata injini haijawashwa, nalo ni la uzito. Kwenye kibati cha loda pameandikwa uzito wa kazi, yaani mzigo inaoruhusiwa kubeba. Kwa loda ya tairi, namba hiyo kwa kawaida ni nusu ya uzito ambao ungeipindua mbele ikiwa kwenye ardhi ngumu iliyo sawa. Kwa loda ndogo ya minyororo huchukuliwa asilimia 35. Ile nusu iliyobaki haikuachwa ili bosi aongezee mzigo. Imeachwa kwa ajili ya mashimo, miteremko na breki za ghafla. Tena namba hiyo imepatikana loda ikiwa na kijiko chake, mzigo ukiwa karibu na tairi za mbele. Ukitoa kijiko ukaweka uma, mzigo unasogea mbele, na kila sentimita unayousogeza inakula kilo.

Chukua loda inayopinduka kwa kilo 1,600 kitovu cha mzigo kikiwa mita 1 mbele ya ekseli ya mbele. Uzito wake wa kazi ni kilo 800. Ifunge uma, ubebe paleti ambayo kitovu chake kiko mita 1.5 mbele ya ekseli hiyohiyo. Gawanya 1,600 kwa 1.5 upate kama 1,066; nusu yake ni kilo 533. Loda iliyokuwa na haki ya kubeba mifuko 16 ya saruji ya kilo 50 sasa ina haki ya mifuko 10, na hapo bado hujapunguza uzito wa fremu ya uma au makucha kama ni mazito kuliko kijiko ulichotoa. Opareta hawezi kuijua namba hii kwa kuitazama loda. Lazima apewe uzito wa kifaa na umbali wa mzigo, na mwenye kununua kifaa ndiye mwenye karatasi zake.

Hata kijiko chenyewe kina mtego. Kijiko cha mita za ujazo 0.4 kikijaa mchanga mkavu kina kama kilo 640. Mchanga huohuo ukilowa unakaribia kilo 800. Loda iliyopakia Septemba bila kutikisika inaweza kuinua tairi za nyuma Januari kwa kijiko kilekile. Ile tabia ya kuwapandisha vijana wawili nyuma wawe uzito wa kusawazisha ikome kabisa. Tairi za nyuma zikirudi chini kwa kishindo, wao ndio wa kwanza kurushwa, na hudondokea palepale zinapozunguka tairi. Uzito wa nyuma unaokubalika ni ule wa kiwandani, uliofungwa kwa boliti zake.

Sasa kufunga kwenyewe. Loda ndogo nyingi zina bamba la kukamatia vifaa ambalo vipimo vyake vimewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 24410, ndiyo maana kifaa cha kampuni moja hukaa kwenye loda ya kampuni nyingine. Lakini kukaa na kufungika ni mambo mawili. Kifaa kiwe kimelala kwenye ardhi sawa, hosi zake zimekunjwa juu yake zisikanyagwe. Opareta anainua leva za kabari, vile vyuma vinavyokifunga kifaa kwenye bamba, anainamisha bamba mbele, anasogea polepole mpaka ukingo wa juu wa bamba uingie chini ya mdomo wa kifaa. Kisha analirudisha bamba nyuma kidogo, kifaa kining'inie na kuegemea bamba zima. Anasimama hapo, mkono wa loda ukiwa chini. Anafunga breki ya kuegeshea, anazima injini, ndipo anashuka na kusukuma leva zote mbili mpaka chini kabisa.

Leva kuwa chini hakuthibitishi chochote. Kinachothibitisha ni ncha za kabari kuonekana zimepenya matundu ya chini ya kifaa, kushoto na kulia, tena zimebana. Lazima mtu ainame aone kwa macho yake. Kokoto moja iliyonasa chini ya mdomo wa juu inatosha kukinyanyua kifaa milimita chache, na milimita hizo ndizo zinazofanya kabari igote ukingoni badala ya kuingia tunduni. Udongo wa mfinyanzi uliokaukia ndani ya tundu unafanya vilevile. Kwa hiyo brashi ya waya na bisibisi ndefu vikae ndani ya loda siku zote, sawa na spana. Kabari zikilika au springi zake zikilegea, leva itakaa chini vizuri huku kifaa kinacheza. Kabari ya namna hiyo inabadilishwa. Kuichomelea kipande cha nondo ili inenepe ni kuficha ugonjwa.

Baada ya macho, linabaki jaribio moja. Ncha ya mbele ya kifaa ielekezwe chini na kukandamizwa ardhini mpaka tairi za mbele zinyanyuke kidogo. Kifaa ambacho hakikufungika kitaachia hapo, kikiwa chini na hakuna mtu karibu. Kazi hiyo haimalizi nusu dakika. Jaribio hili likirukwa, kitaachia juu ya tipa, dereva wa tipa akiwa ndani ya kabini yake.

Kwa zile mashine zenye mkono wa kuchimbia nyuma, kikamatio huwa ni cha kushika pini za kijiko. Uingereza na Ireland vikamatio vya aina hii vimeua watu kwa sababu iliyojirudia: pini ya usalama inayoingizwa kwa mkono haikuwekwa, kijiko kikaachia, kikamwangukia mtu aliyekuwa mtaroni. Mashine nyingi zinazofanya kazi hapa nchini zimekwishatumika nje kabla ya kuletwa, na nyingine zina vikamatio vya zamani vya namna hiyo. Ukikuta tundu la pini ya usalama liko tupu, au limechomekwa kipande cha nondo, mashine hiyo isiingie kazini mpaka pini yake ya ukubwa sahihi ipatikane pamoja na klipu yake. Na hata pini ikiwepo, hakuna mtu anayesimama chini ya kijiko.

Tuje kwenye oili, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea na ndipo mikono ya watu hupotea.

Kifaa kinachozunguka au kupiga kina masharti mawili ambayo watu huyachanganya: lita kwa dakika, na shinikizo, linalopimwa kwa bar. Lita ndizo zinazotoa mwendo, shinikizo ndilo linalotoa nguvu. Loda ndogo za kawaida hutoa kama lita 60 hadi 95 kwa dakika, na zile zenye mkondo mkubwa hupita 100. Keekee ya kuchimbia mashimo iliyotengenezwa kwa lita 120, ukiifunga kwenye loda ya lita 70, itazunguka kivivu, na opareta atajaribu kuisaidia kwa kuikandamiza na mkono wa loda hadi shafti ipinde. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Nyundo ya lita 60 ikisukumiwa lita 110 inapiga haraka kupita kiasi, inachemka, na boliti ndefu zinazoibana mwili wake zinakatika. Mnunuzi anayeuliza bei tu dukani, bila kuuliza lita na bar, ananunua chuma ambacho huenda kisifanye kazi hata siku moja kwenye mashine yake.

Hesabu ya nguvu ni rahisi: zidisha bar kwa lita za dakika, gawanya kwa 600, unapata kilowati. Bar 200 kwa lita 75 ni kilowati 25. Oili hiyo ikikosa njia ya kwenda kwenye kifaa na kulazimika kupita kwenye valvu ya usalama, kilowati zote 25 zinageuka joto. Ni sawa na kuzamisha pasi 25 za umeme za wati 1,000 ndani ya tangi la oili. Ndiyo maana kaplingi moja, kiungio cha hosi, isiyoingia sawasawa, huku swichi ya oili imeachwa wazi, inachemsha mfumo mzima ndani ya dakika chache. Oili ikipita kama nyuzi 80 za Sentigredi inakuwa nyepesi mno, utando wake unashindwa kulinda vyuma, na sili, mipira inayozuia oili kuvuja, zinaanza kukakamaa. Baada ya hapo kila mtu atalaumu pampu.

Hosi nazo zina maandishi ubavuni, na maandishi hayo yasomwe. Watu wengi huamini hosi nene ndiyo imara. Kwa hosi za aina moja ni kinyume. Ile yenye tabaka mbili za waya inayoandikwa 2SN, ya nusu inchi inafanya kazi hadi bar 275, ya robo tatu inchi hadi 215, na ya inchi moja hadi 165 tu. Anayefunga 2SN ya inchi moja kwenye mfumo wa bar 210 kwa kuwa dukani ndiyo iliyokuwepo, amefunga hosi iliyozidiwa tangu dakika ya kwanza. Hapo inatakiwa hosi ya tabaka nne, 4SP au 4SH. Kweli hosi hutengenezwa ipasuke kwa shinikizo la mara nne ya lile la kazi, ila hiyo ni hosi mpya. Ikishapigwa na jua miaka miwili, ikasuguliwa na bamba mpaka waya ukaonekana, akiba hiyo haipo tena. Kukatisha hosi iliyopasuka na kuiunga kwa kipande cha bomba na klipu mbili, au kuizungushia mpira wa ndani wa tairi, kusifanywe hata kwa safari ya kuirudisha mashine gereji.

Hosi ikijaa shinikizo hubadilika urefu. Ya mita moja inaweza kupungua hadi sentimita 4. Ikiwa imevutwa tangu mwanzo, itang'oka kwenye fitingi yake. Kwa hiyo baada ya kufunga, opareta apandishe mkono wa loda polepole mpaka juu, ainamishe kifaa mbele hadi mwisho, akirudishe nyuma hadi mwisho, na mtu wa pili akiwa pembeni mbali atazame hosi haibanwi wala haivutwi popote. Jambo hili likifanywa mara moja kwa kila kifaa, na njia nzuri ya hosi ikawekewa vishikio vyake, halihitaji kugunduliwa upya kila wiki.

Kaplingi zifutwe zote mbili, ya loda na ya kifaa, kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kabla ya kuunganishwa. Vumbi letu hili la kiangazi ni adui wa pampu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nafasi zilizo ndani ya pampu na valvu ni ndogo kuliko punje ya mchanga, na punje ikiingia humo haitoki bila kukwaruza. Kofia za kaplingi zikipotea zinunuliwe nyingine. Kufunika kwa mfuko wa plastiki kunakusanya vumbi na unyevu pamoja. Na kama kaplingi zilikuja moja dume na moja jike ili zisikosewe, fundi asizibadilishe zote kuwa za aina moja kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Hosi zikipishana, keekee inazunguka kinyumenyume, na nyundo inapokea shinikizo upande wa kurudishia oili, ambako sili zake hazikujengwa kulistahimili.

Kaplingi ikikataa kuingia, kwa kawaida ni shinikizo lililonaswa. Kifaa kilichoachwa juani kikiwa kimefungwa pande zote kina oili isiyo na pa kutanukia. Ndani ya bomba gumu, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka inaweza kupandisha shinikizo kwa karibu bar 10. Hosi hulegeza kidogo kwa kuwa inatanuka, lakini kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana joto la chuma juani hupanda nyuzi nyingi. Dawa si nyundo. Kugonga kaplingi kunaharibu uso wake na kunaweza kuirusha. Dawa pia si kulegeza nati ya fitingi "kidogo tu", kwa sababu oili inayotokea pale ni ya moto na ina kasi. Kwa upande wa loda, zima injini, kisha fuata utaratibu wa mashine hiyo wa kuachia shinikizo. Kwa nyingi ni kurudisha ufunguo kwenye hali ya kuwaka bila kuwasha injini na kuchezesha swichi ya oili mbele na nyuma. Kwa upande wa kifaa, kiwekwe kivulini kipoe, au zitumike kaplingi zenye kitufe cha kuachia shinikizo. Bora zaidi ni kuliachia shinikizo jana yake jioni, kifaa kilipokuwa kinafunguliwa. Anayefungua kifaa vizuri ndiye anayemrahisishia atakayekifunga.

Vifaa vingine vyenye mota vina hosi ya tatu, nyembamba, inayopeleka tanki oili inayovuja ndani ya mota. Wengi huiona ya ziada na kuiziba. Mota ikianza kuzunguka, oili hiyo inakosa njia, shinikizo linajaa ndani ya ganda na kuitupa nje sili ya shafti. Hosi hii iungwe ya kwanza na ifunguliwe ya mwisho, wala isipitishwe kwenye valvu yoyote njiani. Loda isiyo na tundu lake haifai kwa kifaa hicho mpaka iwekewe.

Ukishaunganisha, washa injini kwa mwendo wa chini, zungusha kifaa taratibu dakika mbili tatu hewa itoke, zima, kisha pima oili. Kifaa kipya kimekunywa oili ya loda kujaza hosi na silinda zake. Anayesahau kuongeza anaendesha pampu ikivuta hewa, na ile sauti ya kukoroma anayoisikia ni pampu inayoliwa.

Nyundo tuiseme peke yake, maana ndiyo inayoharibiwa kuliko vyote. Kwanza iendane na uzito wa mashine inayoibeba, si lita tu. Pili, patasi yake isimame wima kwa nyuzi 90 na uso wa jiwe na ikandamizwe vya kutosha kabla ya kuanza kupiga. Ikipiga bila kugusa jiwe, nguvu yote inarudi ndani ya nyundo yenyewe. Jiwe likipasuka, opareta aachie swichi papo hapo. Tatu, isipige mahali pamoja zaidi ya sekunde kama 30. Ikiwa jiwe halijapasuka kwa muda huo, patasi inachimba unga, inachemka, ncha yake inalainika na kuwa kama uyoga. Ahamie pembeni, karibu na ukingo, arudi ndani hatua kwa hatua. Nne, patasi haitumiki kusukuma wala kubinua jiwe. Inavunjikia kwenye bushi. Grisi iwe ya kuhimili joto la patasi, ipakwe kila baada ya saa mbili au mapema zaidi patasi ikionekana kavu, na wakati wa kupaka nyundo iwe imesimama wima, patasi imekandamizwa ndani. Ukipaka ikiwa inaning'inia, grisi inajaa kati ya patasi na pistoni, na pigo la kwanza linapasua sili. Gesi ya ndani ni naitrojeni peke yake. Hewa ya kompresa haifai, na oksijeni ya kuchomelea ikikutana na oili yenye shinikizo inalipuka. Kioo cha mbele cha loda kiwe na ngao ya kuzuia vipande, jiwe limwagiwe maji kupunguza vumbi, na wasaidizi wakae mbali mpaka patasi isimame.

Kwa keekee tuseme mawili tu. Hakuna mtu anayeondoa udongo kwa mkono au kwa koleo huku inazunguka, hata polepole, kwa sababu inakamata nguo kabla mtu hajawahi kuvuta pumzi. Na kabla ya shimo la kwanza waulizwe wenye nyaya na mabomba, TANESCO, mamlaka ya maji na wa mkongo wa mawasiliano, kisha njia zichorwe chini kwa chokaa. Waangalie na juu pia: mita 3 kutoka kwenye waya wa umeme wa kilovolti 11 au 33 ndiyo chini kabisa ya kukubalika, na keekee iliyosimikwa kwenye mkono ulioinuliwa ni ndefu kuliko opareta anavyodhani.

Mwendo wa barabarani ni jambo la kawaida kwa opareta mzuri: kifaa chini, sentimita 20 hadi 30 toka ardhini, na upande mzito wa mashine uelekee kilimani. Loda tupu upande wake mzito ni nyuma, hivyo inapanda kinyumenyume; ikibeba inapanda kwa mbele.

Lakini kuhusu mkono wa loda hatutapita haraka. Katika loda ndogo opareta ameketi katikati ya mikono miwili inayopanda na kushuka pembeni yake, na anaingilia mbele, chini ya mikono hiyo. Ndiyo sababu wahandisi waliweka mtaimbo wa kiti, chuma cha kumzuia opareta kitini, na swichi inayofunga oili opareta asipokuwa amekaa. Swichi ile ikifungwa waya, au kiti kikiwekewa jiwe ili kazi isikatike, opareta anayeinama kutoa kokoto mbele ya kanyagio anaweza kuligusa kanyagio lenyewe na mkono wa loda ukamshukia. Na mkono ulioinuliwa kwa oili peke yake haujazuiwa. Hosi moja ikipasuka unashuka wote. Kabla ya mtu kuingia chini yake kukaza boliti moja, kizuizi cha chuma cha mashine hiyo kiwekwe kwenye silinda. Matofali na magogo hayahesabiki.

Tumalizie na jeraha ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawajakutana nalo. Hosi ikitoboka tundu dogo kama la sindano, oili inatoka kama ukungu usioonekana vizuri juani, na ina kasi ya kupenya ngozi. Kama bar 7 tu zinatosha kutoboa ngozi. Loda ina 200. Mtu anayepapasa hosi kwa kiganja akitafuta panapovuja anahisi kama amechomwa na mwiba, anaona kidoa chekundu, anaendelea na kazi. Ndani, oili imesambaa kando ya mishipa na misuli, na saa chache baadaye mkono unavimba na kuuma vibaya, nyama imeanza kufa. Kinachookoa kidole au mkono ni kupasuliwa mapema na kusafishwa ndani, siku hiyohiyo, saa hizohizo. Sindano ya pepopunda na vidonge vya maumivu havitoshi. Kwa hiyo kuvuja kutafutwe kwa kipande cha kadibodi au ubao mrefu, miwani machoni. Na mtu akichomwa, apelekwe moja kwa moja hospitali yenye daktari wa upasuaji, na anayempeleka aseme maneno haya waziwazi: oili ya haidroliki yenye shinikizo kubwa imeingia ndani ya mkono. Jina la oili liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kabinini, kwa sababu daktari ataliuliza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mitambo ni salama na wafanyakazi wamefundishwa kuitumia. Tunawaomba wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wanapofika saiti, wasiishie kwenye loda yenyewe. Wakikague kila kifaa kilicholala pembeni: kibati chake kinasomeka, uzito, lita na bar zimeandikwa, matundu ya kabari hayajalika, hosi zina maandishi yanayolingana na shinikizo la mashine, pini ya usalama ipo na klipu yake. Kisha wamwambie opareta akifungue na kukifunga mbele yao, injini ikizimwa pale inapotakiwa kuzimwa. Kwa wenye mitambo ombi letu ni dogo zaidi: kila kifaa kichomelewe kibati cha pili, cha chuma, chenye namba hizo nne tu. Uzito wa kifaa, mzigo unaoruhusiwa kwenye loda yenu, lita kwa dakika, na bar. Herufi zigongwe kwa patasi za namba, maana rangi itafutika kabla ya msimu kuisha.

Wako katika kazi,
Mafundi na maopareta wa mitambo mizito,
Dodoma.